Mama Alipokuwa Seta wa Gurei

Juzi ofisini, huku Amarat mjini Juba, mwenzangu aliyekuwa na mafua alifungua kikopo cha dawa ya kuchua akajipaka kifuani. Harufu ilipofika mezani kwangu niliacha nilichokuwa nikiandika. Nilimwona mama ameketi ukingoni mwa kitanda jioni, katika chumba chetu kule mtaa wa Gurei, akijichua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesafisha vijiko. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kuelekea nje, na kila alipotoka kucheza mpira kilimuuma. Mimi nilikuwa na maelezo yangu juu ya kidole hicho. Mama alikuwa karani, aliandika kutwa nzima, na nilijua kwamba mtu anapoandika kidole kidogo ndicho kinachobanwa kwenye karatasi. Kwa hiyo niliamini kwamba kilipindishwa na kazi, na shuleni nilikuwa nainua changu ninapoandika ili kisije kikawa kama chake.

Tulikuwa tumetoka Eldoret, Kenya, nilikozaliwa mimi na mdogo wangu. Wakubwa walisema tunarudi nyumbani, nami nilishindwa kuelewa mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika. Baba alitangulia Juba kujenga. Alijenga vyumba viwili vya matofali na rakuba ya nyasi ya kupumzikia mchana, akatuita, tukaja. Tuliishi naye msimu mmoja wa mvua. Kisha akaugua, akafa, na mama akafunga kitambaa cheusi kichwani akaendelea kwenda kazini, maana karo ya shule yetu haikufa pamoja naye.

Watoto wa Gurei walizungumza Kiarabu cha Juba. Mimi nilikuwa na Kiswahili changu cha Eldoret na Kiingereza cha darasani, na nilikuwa mfupi kuliko wote wa umri wangu. Waliniita Kenya. "Kenya, kuja hapa," walisema, nami nilikuwa nakwenda, kwa kuwa sikuwa na jina lingine la kuitikia pale mtaani.

Kati ya kanisa na mashine ya kusagia unga palikuwa na uwanja wa mpira wa wavu. Usifikirie uwanja wa maana. Ilikuwa ardhi nyekundu iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu, mistari ya majivu, nguzo mbili za miti, na wavu ulioshonwa kwa kamba za kila rangi. Watu wazima walicheza hapo jioni baada ya kazi, wanaume kwa wanawake, kwa kujifurahisha tu. Ninaowakumbuka zaidi ni watatu. Okello alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Uganda, mwenye mabega mapana na mkono uliopiga mpira kama nyundo. Nyibol alikuwa msusi, mrefu, mkimya, ambaye kucheka kwake kulikuwa ni kufunika mdomo. Na Mwalimu Lado ndiye aliyekuwa na filimbi. Hakujua sana kucheza ila kanuni alizijua zote, na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Jioni moja nilikuwa nimempokea mama njiani, nimembebea mkoba. Tulipopita pembeni mwa uwanja, mpira ulipotea ukaja juu yetu. Mimi niliinama. Mama hakuinama. Alipiga hatua mbili akiwa na viatu vyake vya ofisini, akainua mikono juu ya paji la uso, vidole vimetanuka, na mpira ukagusa vidole vile ukaondoka. Haukutoa sauti. Ulipanda juu, ukaenda moja kwa moja karibu na wavu mahali Okello aliposimama, naye bila kufikiri akaruka akaupiga. Ulianguka upande wa pili, vumbi likaruka.

Okello aligeuka.

"Mama, wewe nacheza wapi?"

"Nilicheza shuleni. Zamani."

"Basi kuja. Sisi hapana iko na seta. Iko napiga-piga tu."

Mama alinitazama, akautazama mkoba wake mikononi mwangu, akavua viatu.

Seta ndiye anayeupokea mpira wa pili na kumpangia mshambuliaji aupige. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichoona ni kwamba mama yangu alikimbia kuliko wote, kila mpira ulimpitia, na kila mpira uliokuwa mzuri aliutoa kumpa mtu mwingine. Okello alipiga, watu wakamshangilia Okello. Nyibol alipiga, wakamshangilia Nyibol. Mama hakushangiliwa na mtu. Nilikaa kwenye jiwe na viatu vyake mapajani, nikiwa na hasira. Hata nyumbani ilikuwa hivyo hivyo, wageni wakija wao ndio waliokula paja la kuku na yeye akala shingo akisema ndiyo anayoipenda.

Njiani nilimwuliza, "Mama, kwa nini mipira mizuri yote unawapa wengine?"

"Na mimi nifanye nayo nini?"

"Upige."

"Nikipiga mimi, nani atanipangia?"

Sikuridhika. Niliona wanamtumia. Hata hivyo nilikuwa nampeleka kila jioni ya mchezo, kwa sababu moja tu: uwanjani mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu baba augue. Kilikuwa kicheko kikubwa kilichofika hadi kwenye mashine ya unga.

Kilifika hata barabarani, na hapo ndipo baba mdogo alipokisikia.

Baba mdogo Wani, ndugu yake baba, alikuja kwetu Jumapili baada ya ibada. Alikaa chini ya rakuba, mama akampa chai. Mimi nilikuwa naosha vyombo karibu. Alizungusha kikombe kwa muda mrefu kabla ya kusema.

"Mama Kiden, watu wanasema. Lakini hao niwaache, mimi nisemee nafsi yangu. Nilimzika kaka yangu. Sijamaliza kumlilia. Napita barabarani nakusikia unacheka na wanaume uwanjani. Naumia."

Mama hakukasirika. Aliuliza, "Shemeji, akiwa hai hukunisikia nikicheka?"

"Nilikusikia."

"Alikuwa anapenda."

"Najua." Baba mdogo aliweka kikombe chini. "Ngoja tu tumalize msiba. Tufanye ile sala ya mwisho, utoe hicho kitambaa. Ndicho ninachoomba."

Mama alisema sawa, na akamwongezea chai.

Hakwenda tena uwanjani. Nilimchukia baba mdogo kwa moyo wangu wote, na kwa akili yangu ya kitoto nikaamua kwamba kumbe kuna kosa mama amelifanya na ule mpira, maana kwetu mtoto alikatazwa mchezo alipokosea. Nilijaribu kukumbuka ni mpira upi. Jioni alikaa chini ya rakuba akichambua maharage, na vidole vyake vilipomaliza maharage vilibaki pale juu ya ungo, havijui pa kwenda. Kutoka uwanjani tulisikia watu wakigombana kwa sababu mipira ilikuwa ikienda ovyo. Mama alisikiliza akatikisa kichwa.

Nilikwenda kwa Okello nikamwomba mpira wa zamani. Alinipa mmoja uliochubuka ngozi. Niliuweka miguuni pa mama.

"Nifundishe."

"Unataka kupiga kama Okello?"

Kwa kweli ndivyo nilivyotaka. Lakini nilimtazama na kitambaa chake cheusi, nikasema, "Kama wewe."

Nilisema hivyo ili acheke tu. Na alicheka, kwa kuwa mpira wa kwanza alionirushia ulinipita katikati ya mikono ukanigonga pua.

Basi tukaanza. Alinifundisha kwanza bila mpira. Niliinua mikono juu ya paji la uso, vidole gumba na vya shahada vikikaribiana, ili katikati pabaki uwazi wa pembetatu. "Hilo ni dirisha lako," alisema. "Mpira uutazamie hapo. Usipouona dirishani, uko mahali pabaya." Viwiko visibanwe mbavuni wala visitanuke kama mbawa za kuku. Magoti yalegee. Nguvu, alisema, inatoka chini. Vidole kazi yake ni kuipitisha tu.

Niliupiga makofi. Niliusukuma kwa viganja. Nilipoambiwa nisitumie viganja, niliukamata kabisa kabla ya kuutupa, naye akaiga sauti ya filimbi ya Mwalimu Lado: "Umebeba." Hatimaye akanipeleka jikoni. Siku hiyo alikuwa akipika chapati, na alizigeuza kwa vidole vitupu, kama wanawake wengi wa Eldoret wanavyofanya.

"Ninaishika?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Kidogo."

"Ningeishika zaidi?"

"Ungeungua."

"Na ningeigusa kwa mkono mmoja kwanza, halafu mwingine?"

"Ingekunjika."

"Basi nenda nje."

Jioni ile kwa mara ya kwanza mpira uliondoka vidoleni bila sauti. Ulikwenda hovyo, ukaangukia nyanya za jirani, lakini haukutoa sauti, na wote wawili tulisikia kwamba haukutoa. Mama alikwenda kuuchukua mwenyewe, akarudi anatabasamu.

Kigumu zaidi kilikuwa miguu. Niliufuata mpira kwa mikono, nimejinyoosha kama mtu anayeanua nguo. "Usiufuate kwa mikono," alisema mara nyingi kuliko neno lingine lolote. "Nenda kwa miguu. Ufike kabla yake, usimame, uusubiri." Mpira ukizunguka hewani, alisema mkono mmoja umefanya kazi zaidi ya mwingine, na akanituma nikarudie. Kisha akaanza kusimama kwenye kona ya ua akiwa na beseni la kufulia kichwani, na mimi nilitakiwa kuuingiza humo. Nilipozoea, akaanza kutembea nalo. Nililalamika kwamba anahama.

"Okello naye anahama," alisema. "Hutampangia alipo. Mpangie atakapofika."

Ni wakati huo aliponieleza habari ya kidole. Kilivunjika shuleni, katika mchezo, mpira ulipomjia vibaya. Alikifunga kwa uzi wa kusukia nywele akamaliza mchezo, na kilipopona kikawa kimepinda. Nilibaki mdomo wazi.

"Si kalamu?"

Alipoelewa nilichokuwa nikifikiri miaka yote hiyo, alicheka mpaka akaketi chini.

Baba mdogo alitukuta hivyo, mama ameketi kwenye vumbi, beseni kando yake. Nilifikiri mambo yameisha. Alitusalimu, akavuta kiti, akanywa chai. Mpira ulipomkimbilia miguuni aliuokota, na badala ya kunirudishia kwa mguu aliurusha juu, vizuri, kwa kipimo, kama mtu anayejua unapaswa kuja vipi. Niliupanga uende kwenye beseni lililokuwa kando ya mama. Baba mdogo alitazama mpira ulivyoingia, akaendelea na chai yake.

Jumatatu ya Pasaka watu wa mtaa wa Hai Mauna walikuja kucheza na Gurei. Walikuja kwa pikipiki, na ndugu zao, na sufuria za chakula, maana baada ya mchezo watu wangekula pamoja. Ilikuwa ni burudani tu, lakini mara ya mwisho Mauna walishinda na wakasema hivyo mjini kote. Asubuhi Okello alikuja kwetu na kofia mkononi.

"Mama Kiden, leo tu. Bila wewe watatuchapa."

"Msiba haujaisha, Okello. Nimetoa neno langu." Kisha akanigusa bega. "Mchukueni huyu."

Okello alinitazama kutoka juu hadi chini, na safari hiyo haikuwa ndefu.

"Huyu mutoto?"

"Huyu."

Sijui kama nilitembea au nilibebwa. Nakumbuka tu majivu meupe ya mistari na kelele za watu wa Mauna waliponiona nikiingia. Mmoja aliuliza kama Gurei wameishiwa watu. Mpira wa kwanza nilioupanga ulinigusa mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Filimbi ikalia. "Mara mbili," alisema Mwalimu Lado, bila huruma. Wa pili niliukamata. Filimbi. "Umebeba." Wa tatu niliukimbilia nikiwa nimejinyoosha, ukaenda nje. Watu wa Mauna walikuwa wanacheka, na Okello alikuwa anatazama mbingu.

Nilimtafuta mama. Alikuwa ameketi na wanawake wa kanisa, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Nilitaka aite, aniambie nitoke. Hakuita. Alinitazama, kisha akainua miguu yake kidogo kutoka ardhini, mmoja, halafu mwingine, kama anayekanyaga papo hapo. Hakuna mwingine aliyeona, na kama aliona hakuelewa.

Miguu.

Mpira uliofuata nilikimbia. Nilifika kabla yake, nikasimama, nikauona ukiingia dirishani, mkubwa, umechubuka upande mmoja, na nikaupeleka. Okello alikuwa tayari ameruka. Sauti ya mkono wake niliihisi hadi tumboni. Alipotua, alinigeukia kwa mshangao.

"Eh. Leta mwingine hivyo."

Nilileta mwingine. Nilikosea baadhi, na Mwalimu Lado hakunisamehe hata mmoja, jambo ambalo leo namshukuru. Lakini taratibu pointi zikakaribiana, kelele za Mauna zikapungua, na wale watoto walioniita Kenya wakaanza kusogea ukingoni mwa mstari. Seta lazima aseme, aite mpira wake, la sivyo watu wawili wanagongana. Nikaanza kuita. "Wangu." Niliita kwa Kiswahili, na watu wazima wakawa wananipisha.

Mwishoni tulikuwa tumebakiza pointi moja tushinde. Okello alikuwa amepiga siku nzima na kila mtu alijua atapiga tena. Wanaume wawili wa Mauna walikuwa wameshasogea mbele yake kumzuia. Mpira ulipokelewa vizuri, ukanijia juu. Nilisikia Okello akiita, "Mimi iko, mimi iko." Kwenye ncha nyingine ya wavu, kwa pembe ya jicho, nilimwona Nyibol amesimama bila kuita, kama kawaida yake, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Sikuamua kwa maneno. Nilikwenda chini ya mpira, mabega yangu yakiwa yamemwelekea Okello, na dakika ya mwisho nikaupeleka nyuma juu ya kichwa changu. Mama alinionyesha jambo hilo jioni chache tu, na beseni lilikuwa linaukosa mara nyingi. Sikuona ulikokwenda. Niliona nyuso za wale wanaume wawili wa Mauna zikigeuka, na nikasikia mpira ukipiga ardhi ya upande wao.

Kulikuwa na kelele nyingi. Nilitarajia watu wamkimbilie Nyibol, na walimkimbilia, lakini Nyibol aliwapita. Alinijia akiwa hajafunika mdomo, akanishika viganja viwili, akaviinua juu mbele ya watu wote, na kwa kuwa alikuwa mrefu sana miguu yangu iliacha ardhi. Nikiwa ninaning'inia pale nilipata jibu la lile swali nililomwuliza mama njiani. Mpira ule nilikuwa nimempa Nyibol, na bado ulikuwa wangu. Sijawahi kujivunia kitu namna ile, na nimesoma, nimepata kazi, nimejenga.

Nilipowekwa chini nilikwenda kwa mama. Baba mdogo Wani alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akizungumza na mzee mmoja wa Mauna.

"Kale katoto kametoka wapi?" mzee aliuliza.

"Ni mtoto wa kaka yangu," alisema baba mdogo. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Na kwa mpira bado hajafika popote. Mama yake, huyu hapa, ndiye seta wa Gurei."

Mama aliinamisha kichwa, akarekebisha kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea. Niliona mabega yake yakicheka.

Nilipompigia simu wiki hii kumwuliza juu ya siku ile, alisema nimeikuza, kwamba mpira wa mwisho ulikuwa chini mno na Nyibol ndiye aliyeuokoa. Huenda. Ni mama yangu, lakini ni seta kwanza.

Sala ya kumaliza msiba ilifanyika kabla mvua hazijashika. Baba mdogo alichinja mbuzi. Wageni walipoondoka, mama alikunja kitambaa cheusi akakiweka sandukuni, akafunga kanga kiunoni. Baba mdogo alikuwa bado ameketi chini ya rakuba.

"Shemeji," alimwambia mama, "kesho utacheza?"

"Nikimaliza kufua."

Alimaliza mapema. Tulipofika uwanjani nilisimama pembeni, nikijua mahali pale karibu na wavu ni pake na nilikuwa nimepashikia tu. Okello alikuwa tayari anamwita. Mama aliingia, akapita pale mahali bila kusimama, akaenda nyuma kabisa, kwa wanaopokea, akakunja magoti.

"Kiden," aliniita, "unangoja nini?"

Niliingia. Watu wa upande wa pili walipiga mpira kwa nguvu, ukamwendea yeye. Aliupokea chini, kwa mikono miwili iliyounganishwa, akauinua. Ulikuja taratibu, bila kuzunguka, ukashuka juu ya paji la uso wangu, na sikuhitaji kupiga hatua hata moja.